Fundi wa Vibao na Picha ya Kuhesabiwa Watu

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kizuri kikiisha kuuzwa huenda kukaa wapi, wala ni nani atakayepata kukiona tena. Neno hilo lilimshughulisha sana fundi mmoja wa Kawangware, Nairobi, mwandishi wa vibao vya maduka. Yeye hakulitafuta, lilimjia ndani ya kitabu kikuukuu alichonunua kwa shilingi mia mbili katika soko la Toi, kando ya Kibera, mapema mwaka 2019, siku aliyokwenda huko kutafuta viatu vya shule vya binti yake.

Karakana ya fundi huyu ni kibanda cha mabati karibu na kituo kiitwacho 46, ambacho kimepewa jina la nambari ya matatu ziendazo huko. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi aliishi kwa brashi yake. Kinyozi akifungua duka, fundi alimchorea kichwa kilichonyolewa vizuri; mwenye bucha alimchorea fahali aliyenona; muuza nyama ya nguruwe alimchorea nguruwe anayecheka, kana kwamba hajui linalomngoja. Yafaa msomaji afahamu ya kuwa kibao cha namna hiyo si pambo tu. Ni salamu ya mwenye duka kwa mpita njia, na kwa asiyejua kusoma, picha ile ndiyo maandishi yake.

Walakini katika miaka hii ya karibuni mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimeenea mjini. Mwenye duka hulipa, huketi kunywa chai, na kabla hajaimaliza bango lake liko tayari, lina picha ya ng'ombe wa Ulaya ambaye hajapata kukanyaga Dagoretti. Vibao vya zamani hung'olewa, vikatumiwa kuziba matundu ya paa au vikawa milango ya mabanda ya kuku. Tena mwezi wa Julai 2018, nyumba nyingi za Kibera zilipobomolewa ili kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, duka la nduguye fundi lilikuwa miongoni mwazo. Ukuta wake, ambao fundi alikuwa ameuchora kwa majuma matatu, ulianguka asubuhi moja pamoja na picha zake zote. Fundi hakulalamika mbele ya watu. Alisema tu kwamba rangi ni kitu cha kupita.

Kitabu kile cha Toi kilikuwa kikubwa, kimechapwa kwa Kiingereza, na jalada lake lilikuwa limeliwa na mende. Kilieleza habari za jumba la sanaa la Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Jumba hilo liliundwa mwaka 1801, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Ufaransa, na fahari yake kubwa ni picha za wachoraji wa Flanders, yaani nchi ile yenye miji ya Antwerp, Ghent na Bruges. Fundi alikuwa amesoma hata kidato cha pili tu, kisha karo ikawashinda wazazi wake. Basi alisoma polepole wakati wa usiku, na neno gumu alimwuliza binti yake.

Jambo la kwanza lililomstaajabisha ni kwamba wachoraji wale walikuwa mafundi kama yeye. Mjini Antwerp walikuwa na chama chao, kilichoitwa kwa jina la Mtakatifu Luka. Kijana alimtumikia fundi mkuu, akasaga rangi na kuosha brashi, mpaka alipostahili kuandikwa katika daftari la chama kuwa fundi kamili. Mmoja wao, Pieter Bruegel, aliandikwa mwaka 1551. Picha ambazo leo watu huzitazama kwa kunong'ona, zamani zile zilikuwa kazi za mikono; ziliagizwa, zikalipiwa, zikachukuliwa.

Picha iliyomzuia fundi asigeuze ukurasa ni ile aliyoichora Bruegel mwaka 1566, juu ya ubao ambao upana wake wapita kidogo mita moja na nusu. Habari yenyewe yajulikana na kila aliyepita katika shule ya misheni: Kaisari Augusto alitoa amri ya kuandikwa watu wote, na Yusufu na Mariamu wakafunga safari kwenda Bethlehemu. Lakini katika picha hiyo hakuna mtende wala jangwa. Bethlehemu ni kijiji cha Flanders wakati wa baridi. Theluji imefunika mapaa, maji yameganda hata watoto wanateleza juu yake, na jua jekundu linatua nyuma ya mti usio na majani. Upande wa kushoto watu wamesongamana mbele ya nyumba ya wageni, na pale dirishani makarani wana daftari. Wanapokea fedha na kuandika. Mbele yao nguruwe anachinjwa. Kuku wanadonoa. Watu wanapita wamebeba mizigo. Na katikati ya shughuli hizo zote, bila mwanga wo wote kichwani, yumo mwanamke aliyejifunika nguo ya buluu, amepanda punda, na mbele yake mwanamume aliyebeba msumeno wa seremala begani. Hakuna anayewatazama.

Fundi alicheka peke yake. Aliona foleni ya afisi ya chifu. Aliona nguruwe wake. Theluji hakupata kuiona maishani, ila baridi ya Agosti ya Nairobi aliijua sana, wakati mawingu yanapokaa siku nyingi na moshi wa makaa unalala chini. Alimwita mkewe, "Mama Watoto, njoo uione Kawangware ya Wazungu." Yule mama alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na huyu mja mzito, mbona hakuna anayempisha?"

Siku chache baadaye fundi alikichukua kitabu kile mpaka Makina, katika Kibera, kwa mzee mmoja Mnubi aliyekuwa mteja wake tangu zamani. Wanubi ni wazao wa askari wa Sudan waliotumikia King's African Rifles, na jina la Kibera latokana na neno la lugha yao, kibra, maana yake msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi ile kuwa mahali pa askari hao. Lakini hati ya kumiliki ekari 288 jamii yao iliipata mwaka 2017, baada ya karibu karne nzima. Mzee alivaa miwani, akaitazama picha, akaweka kidole juu ya karani wa dirishani.

"Huyu namjua," alisema. "Wazee wetu waliishi naye zamani za vipande. Nasi tumehesabiwa naye mara nyingi. Mwaka 2009 alisema watu wa Kibera ni 170,070. Kabla ya hapo tuliambiwa miaka mingi kwamba tunafika milioni. Sasa, mwanangu, wale wengine walikuwa kina nani?" Alicheka hata akakohoa. Kisha akasema kwa utaratibu kwamba hesabu ni jambo jema, kwa maana serikali isiyojua idadi ya watu haiwezi kuwajengea shule wala kuwaletea maji; lakini karani akiisha kuandika namba, huondoka, na namba haina uso.

Maneno hayo yalimrudisha fundi kwenye ukurasa mwingine wa kitabu kile. Humo mlikuwa na kazi ya Peter Paul Rubens, mchoraji mkuu wa Antwerp aliyekufa mwaka 1640. Ni picha yenye vichwa vinne vya mtu mweusi: katika kimoja anatabasamu, katika kingine ameinama, katika kingine amegeuka upande. Rubens alimchora mtu huyo kwa heshima na uangalifu mwingi, naye baadaye uso wake ukachapwa hata katika noti ya zamani ya faranga 500 ya Ubelgiji. Watu wengi sana walimtia mfukoni. Walakini jina lake halikuandikwa. Fundi alimtazama Mwafrika huyo aliyefika Antwerp zaidi ya miaka mia nne iliyopita, akaona kwamba huyu amepata kinyume cha watu wa Kibera: yeye ana uso na hana jina wala namba.

Ndipo ukafika usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, usiku wa kuhesabiwa watu wa Kenya. Vilabu vya pombe viliamriwa kufungwa saa kumi na moja jioni, ili watu wakutwe majumbani. Makarani walipita mlango kwa mlango pamoja na wazee wa mtaa, wakiandika katika vishikwambi na si katika daftari. Hesabu ilipokamilika ilionekana kwamba watu wa Kenya ni 47,564,296. Watano kati yao walikuwa wa nyumba ya fundi: yeye, mkewe na watoto watatu. Karani aliyewaandika alikuwa msichana mwembamba aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake. Alipouliza maswali, mwanga wa kishikwambi ulimpiga usoni kama mwanga wa mshumaa. Alipokwisha kuondoka, fundi alibaki amesimama mlangoni.

Tangu siku hiyo alichora kila usiku kwa miezi mitatu. Alipigilia pamoja vipande viwili vya plaiwudi, akatumia zile zile rangi za vibao. Mahali pa theluji aliweka tope jekundu na mabati. Mahali pa nyumba ya wageni aliweka kilabu kilichofungwa kwa kufuli, na wanaume watatu wakiitazama kufuli ile kwa huzuni. Alimchora mwenye kinu cha posho, mweupe kwa unga. Mama anayechoma mahindi. Muuza nyama ya nguruwe. Mzee wa Makina na miwani yake. Watoto wakiteleza, si juu ya barafu bali juu ya kipande cha plastiki penye mteremko wa matope. Karani mwembamba alisimama mlangoni pa nyumba moja, uso wake uking'aa. Na kando kabisa, juu ya pikipiki ya bodaboda, aliketi mwanamke mja mzito aliyejitanda leso ya buluu, na nyuma yake mumewe ameshika msumeno. Mkewe fundi alipouona ubao ule alitafuta kitu fulani, akakipata, akanyamaza: mtoto mmoja katika picha alikuwa amegeuka na kuwapisha njia.

Ubao ulikuwa mkubwa kuliko nafasi ya nyumbani, basi ulitundikwa katika hoteli ya chai ya jirani. Jambo lililofuata fundi hakulitazamia. Watu walianza kuja kujitafuta. Mwenye kinu alileta wageni wake kutoka mashambani waje wamwone. Mama wa mahindi alilalamika kwamba amechorwa mnene, kisha akawa anakuja kunywa chai kila Jumapili, akiketi mahali ambapo aweza kujiona.

Mwezi wa Januari 2020 mgeni mmoja aliyekuwa akipita Kawangware kwa shughuli zake aliingia hotelini, akauona ubao, akauliza bei yake. Fundi hakujua aseme nini. Mgeni akasema mwenyewe: shilingi elfu sitini. Juma lile lile binti wa fundi alipaswa kurudi shuleni kuanza kidato cha tatu, na karo ya muhula uliopita ilikuwa haijamalizika kulipwa. Mkewe hakupandisha sauti. Alisema, "Baba Watoto, picha haitakwenda darasani badala ya mtoto. Wewe ulikomea kidato cha pili. Wataka na huyu akomee hapo?"

Hilo si swali dogo, wala halifai kudharauliwa na wale wanaopenda kuhubiri habari za utamaduni wakiwa wameshiba. Fundi aliomba siku tatu za kufikiri. Jumamosi alimchukua binti yake, wakapanda matatu ya 46 mpaka mjini, wakaingia katika Nairobi Gallery, kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo lile la mawe lilijengwa mwaka 1913 kuwa afisi ya serikali, na humo ndimo watu walimokuwa wakiandikisha uzazi, ndoa na vifo. Siku hizi limewekwa vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Bwana huyo alitumia maisha yake kukusanya sanaa, vitabu na hati za Afrika, kwa sababu aliona jinsi zinavyotoka barani na kwenda kuhifadhiwa ng'ambo. Na katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya sehemu kubwa ya mkusanyo wake ili ubaki nchini.

Binti alitembea chumba kwa chumba bila kusema. Mwisho aliuliza, "Baba, kuna picha ya Kawangware humu?" Hawakuiona. Fundi alimwambia kwamba wako watu wanaofanya kazi hiyo. Huko Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau alichora katika kuta za kanisa kuu maisha ya Kristo, akamzaa katika nchi ya Wagikuyu, na picha hizo haziwezi kuchukuliwa kwa sababu ni ukuta wenyewe. Na Kibera iko nyumba ya Maasai Mbili, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, ambao nao walikuwa waandishi wa vibao, wakavaa mavazi ya Kimaasai ili wateja wawatambue upesi. "Lakini ya Kawangware," alisema fundi, "naona iko hotelini."

Usiku ule alikifungua tena kitabu cha Toi, akasoma sehemu aliyokuwa ameiruka. Bruegel alikufa mwaka 1569, wanawe wakiwa wadogo. Mkubwa wao, aliyeitwa Pieter kama baba yake, alipokuwa fundi alijipatia riziki kwa kunakili kazi za babaye. Na ile picha ya kuhesabiwa watu aliinakili mara nyingi, hata nakala zake zimetawanyika katika nchi mbalimbali. Fundi alisoma ukurasa huo mara mbili, akaenda kulala.

Mgeni aliporudi, fundi alimwambia kwa adabu kwamba ubao ule una wenyewe na hautoki, ila yeye yu tayari kumchorea mwingine ulio sawa nao. Mgeni hakupendezwa. Alisema kwamba nakala si kitu kimoja na ile ya kwanza. Baada ya kuzungumza sana alikubali kutoa shilingi elfu ishirini na tano, akalipa nusu. Nusu hiyo haikutosha karo. Fundi aliuza mashine yake ya kupulizia rangi, aliyokuwa ameinunua kwa akiba ya miaka minne, na binti alifika shuleni majuma mawili baada ya wenzake. Mkewe hakuzungumza naye kwa siku kadhaa, na hakuna awezaye kumlaumu mama huyo. Msomaji atapima mwenyewe kama fundi alitenda vyema au vibaya. Wako jirani zake wenye akili ambao mpaka leo husema alikosea.

Lakini jambo moja lastahili kukumbukwa. Mwaka ule ule wa 1566, mwezi wa Agosti, makundi ya watu yaliingia makanisani huko Flanders, wakavunja sanamu na kuharibu picha nyingi kwa sababu ya ugomvi wa dini. Kama ubao wa Bruegel umefika zamani zetu, ni kwa kuwa mkono baada ya mkono uliuweka mahali pakavu. Jumba la Brussels lilikuja nyuma sana, baada ya miaka zaidi ya mia mbili. Watu wa Kibera na Kawangware hawana haja ya kungoja jumba kama lile ndipo waanze kutunza. Mwenye duka anayetaka kung'oa kibao chake cha zamani aweza kukitundika ndani badala ya kukitupa. Aliyechorewa ukuta aweza kuupiga picha kabla ya kuupaka chokaa. Mcheza kwao hutunzwa, nao watunzaji wa kwanza ni watu wa kwao.

Fundi naye hufanya sehemu yake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya wateja kuingia, huenda hotelini na kitambaa laini, akaufuta ubao masizi ya jiko na mvuke wa chai. Na siku moja, kabla hajamaliza kuichora ile nakala, aliutelemsha ubao wa kwanza ukutani, akaugeuza, na kwa mwandiko wake wa vibao akaandika upande wa nyuma majina ya wote waliomo, mmoja mmoja: mwenye kinu, mama wa mahindi, mzee wa Makina, wale watatu wa kwenye kufuli. Mahali pa yule karani mwembamba palibaki wazi, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza jina lake usiku ule. Fundi angali anawauliza watu.